Fremu ya Kliniki, Mtihani wa Ndoa

Waliipenda fremu ile siku ya kwanza tu. Iko Moshi mjini, barabarani kabisa. Rafiki yangu ni daktari, mumewe mhasibu. Dalali akawaambia kuna mtu mwingine anaitaka jioni hiyo hiyo. Basi wakatoa akiba yote, wakalipa kodi ya mwaka mzima, mume akasaini.

Miezi minne baadaye mlango ulikuwa bado umefungwa. Wakaguzi walikuta chumba cha daktari hakina sinki, choo ni kimoja, na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Kodi inaliwa, mgonjwa hata mmoja hajaingia. Nyumbani maneno yakaanza: "Si wewe uliyesaini?"

Ndugu msomaji, kliniki si duka la nguo. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia watu binafsi kuendesha hospitali kwa faida, na mwaka 1991 ikalegezwa. Lakini huwezi kutibu watu mpaka jengo likaguliwe na kusajiliwa kupitia Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Ukitaka na eksirei, kuna kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi:

Mwite mganga mkuu au afisa afya. Aangalie maji, vyoo, sakafu inayosafishika na mahali pa taka. Sindano zilizotumika haziendi jalalani, kwa hiyo ulizia hospitali yenye tanuri la kuchomea.

Andikeni kila kitu. Mji mdogo kila mtu ni shemeji wa mtu, na mnaona aibu kudai maandishi. Acheni aibu! Mkataba useme nani analipia matengenezo, kama mnaruhusiwa kuvunja ukuta, na kodi ianze lini. Ombeni miaka mitatu au mitano. Ukishaweka vigae na masinki, hutaki kuambiwa uhame mwakani.

Pigeni hesabu ya kodi za serikali. Tuseme pango ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Wewe mpangaji mfanyabiashara unatakiwa kukata asilimia 10, sawa na 600,000, na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba anapokea 5,400,000. Mkataba nao una ushuru wa stempu. Yeye akisema anataka "mkononi" milioni 6 kamili, jua kodi hiyo ya serikali inakuangukia wewe.

Sainini wote wawili. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina yote mawili, mnahesabiwa kuwa na haki sawa. Kusaini wote si kukosa imani. Ni kwamba siku mambo yakiharibika, hakuna wa kunyooshewa kidole.

Rafiki zangu walirudi kwa mwenye nyumba, safari hii pamoja na wakili. Wakakubaliana: wao wajenge choo cha pili, gharama ikatwe kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Mkataba ukaandikwa upya kwa majina mawili. Kliniki ikafunguliwa mwezi wa saba wa pango. Pesa ya ile miezi sita hairudi, lakini siku hizi wanaitaja wakicheka, tena mezani, wakila pamoja.

Fremu nzuri zipo nyingi. Dalali akikuharakisha, mwambie: "Ngoja kwanza nimuulize mwenzangu."