Reli ya Magadi: Mzigo Hupanda Mlima

Wakazi wa Kajiado wameizoea reli inayopita mjini mwao, ingawa haikujengwa kwa ajili ya abiria. Tawi hili la kutoka Konza hadi Ziwa Magadi, takriban kilomita 146, lilikamilika mwaka wa 1915 ili kusafirisha magadi, malighafi ya kutengenezea vioo na sabuni.

Ziwa liko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Konza ni zaidi ya mita 1,600. Hivyo mabehewa ya magadi hushuka matupu, kisha hupanda yakiwa yamejaa. Treni ya uzito huo haisimami ghafla hata dereva akiona ng'ombe relini. Wafugaji wanahimizwa kuvusha mifugo mahali reli inapoonekana mbali pande zote mbili, kamwe si kwenye kona.