KUOSHA VYOMBO VYA MAABARA KWA SAUTI ISIYOSIKIKA

Watu wengi hudhani kwamba kuosha vyombo ni kazi isiyohitaji elimu. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka muhula uliopita, tulipofanya jaribio la kemia la kupima asidi kwa alkali. Kikundi chetu kilipata majibu matatu yasiyopatana: 24.10, kisha 24.60, kisha 23.90. Tulirudia hesabu mara mbili, tukalaumiana, tukamlaumu aliyeshika bomba.

Mwalimu hakutukemea. Aliitwaa bureti yetu, akaijaza maji, akayamwaga, kisha akaiinua mbele ya dirisha. Ndani ya kioo tuliona matone mengi yamening'inia. Akasema, "Wanangu, hesabu yenu haina kosa. Kosa liko katika kuosha."

Sababu ni hii. Kioo kikiwa safi, maji huteremka juu yake kama utandu mmoja mwembamba. Kikiwa na mafuta, hata ya vidole tu, maji hujikusanya yakawa matone na kubaki ukutani. Sisi tuliyahesabu matone hayo kana kwamba yameshuka katika chupa, kumbe yalikuwa bado ndani ya bureti. Ikiwa nusu sentimita ya ujazo imebaki katika 25, kosa ni 2 kwa mia. Katika mtihani wa Taifa kosa kama hilo laweza kumnyima mtu alama alizozifanyia kazi miaka minne.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Makambako, yapata kilometa 60 kutoka Njombe, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Mjomba wangu ni fundi wa simu karibu na stendi. Juu ya meza yake niliona beseni dogo la chuma kisichoshika kutu, la lita 2, lenye waya wa umeme na kitufe. Simu ikitumbukia majini, yeye huifungua, huitia sahani yake ya ndani katika beseni hilo lenye dawa, huwasha, na baada ya dakika chache kutu na uchafu hutoka mahali ambapo brashi haiwezi kufika. Nilimwuliza, "Mjomba, ni nini kinachosugua?" Akacheka, akasema, "Ni sauti, mpwa wangu."

Jibu hilo halikuwa mzaha. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Popo hulia kwa sauti iliyo juu ya hapo, nasi hatumsikii. Beseni lile hutetema mara 40,000 kwa sekunde. Chini yake vimegandishwa vigae vidogo vya kauri ambavyo hunyweka na kutanuka kila umeme unapogeuka. Asili ya maarifa hayo ni ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliogundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba zikitiwa umeme hubadili umbo.

Mtetemo huo ukipita majini, mara huyavuta maji, mara huyasukuma. Yakivutwa kwa nguvu huachana, na viputo vidogo visivyoonekana kwa macho huzaliwa. Yakisukumwa, viputo hufumba kwa ghafula. Kiputo kilicho karibu na kioo kikifumba, hurusha mchirizi mwembamba wa maji juu ya kioo kama sindano. Sindano hizo, maelfu kwa maelfu, ndizo zinazong'oa uchafu. Wenye meli waliijua nguvu hii mapema, tena kwa hasara, maana viputo vya namna hiyo hula chuma cha rafadha za meli. Mwaka 1917 Lord Rayleigh wa Uingereza alipiga hesabu kuonyesha jinsi kiputo kinachofumba kinavyoleta kani kubwa ajabu.

Kabla ya likizo nilikuwa nimemwomba Mwalimu ruhusa ya kuchukua mirija sita ya majaribio iliyoshindikana kusafishwa. Mjomba alikubali, lakini kwanza aliniamuru nilioshe beseni vizuri, kwa sababu vumbi la risasi ya kulehemu halifai kuingia katika vyombo vya shule. Nikatia maji ya bomba na matone ya sabuni, nikatia mirija yote, nikawasha. Baada ya dakika tano niliitoa. Mmoja, uliokuwa na ufa mdogo ambao sikuutazama, ulikuwa vipande viwili. Mingine ilikuwa chafu vile vile.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mashine nayo ina masharti yake. Maji ya kwetu wakati wa mwezi wa sita ni baridi sana, na maji baridi hubeba hewa nyingi. Hewa hiyo huwa kama godoro: humeza nguvu ya viputo. Yafaa maji yawe na joto la nyuzi 50 au 60, na mashine iwashwe tupu, yaani bila vyombo, kwa dakika kumi ili hewa itoke. Nilifanya hivyo, na safari ya pili mirija minne iling'aa. Wa tano ulibaki na doa la kahawia la pamanganeti. Doa hilo Mwalimu aliliondoa baadaye kwa asidi ya oksaliki. Basi viputo hung'oa uchafu ulioshikamana na kioo, lakini doa jingine hapana budi litolewe kwa kemia.

Jaribio jingine kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne angelipenda. Nilining'iniza kipande cha karatasi ya alumini ya kufungia chakula wima ndani ya maji, nikawasha kwa dakika moja. Kilitoka kimetobolewa matundu madogo, lakini si kila mahali. Matundu yalijipanga kwa mistari. Tumesoma kwamba kasi ya wimbi ni idadi ya mitetemo mara urefu wa wimbi. Kasi ya sauti majini ni yapata mita 1,500 kwa sekunde. Tukigawanya kwa 40,000 twapata sentimita 3.75, na mahali penye nguvu hurudia kila nusu ya urefu huo, yaani karibu sentimita 1.9. Ndiyo sababu chombo kinachooshwa yafaa kisogezwe mara kwa mara.

Atakayebahatika kutumia mashine hii na akumbuke mambo haya:

1. Usiiwashe bila maji, utaiharibu.
2. Vyombo visiguse sakafu ya beseni. Tumia kikapu cha waya.
3. Usitie spiriti, petroli wala asetoni ndani ya beseni, kwani mvuke wake waweza kushika moto.
4. Usitie kipimajoto cha zebaki, lenzi za hadubini, wala kioo chenye ufa.
5. Usitie vidole mashine ikiwa inatetema.

Niliporudi shuleni nilikuwa na hamu ya kumwambia Mwalimu kwamba yatupasa kununua mashine hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa bureti na kuniuliza, "Hii itaingia katika beseni la mjomba wako?" Nilinyamaza. Bureti ni ndefu mno. Chombo kile kile kilichotukosesha ndicho ambacho mashine ndogo isingeweza kukisafisha.

Basi tuliiosha kama inavyopasa: maji ya uvuguvugu na sabuni, brashi ndefu, kusuuza mara tatu kwa maji ya bomba, kisha maji yaliyokenekwa, na mwisho kusuuza kwa maji ya dawa yenyewe inayopimwa. Tukaiinua dirishani, maji yakateremka bila kuacha tone. Tulipofanya jaribio upya tulipata 24.30, 24.30 na 24.40.

Mashine ni nzuri, na siku moja natumaini maabara yetu itakuwa nayo kwa ajili ya mirija na vyombo vidogo. Lakini hata yeye aliye nayo hana budi kuinua kioo mbele ya mwanga na kutazama. Wenzangu wa Kidato cha Tatu, msingoje mashine. Dirisha mnalo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV