Udongo Mwekundu wa Miteremkoni Hushika Maji Vipi?

Udongo mwekundu wa miteremko ya Aberdare haukuletwa na mto wala upepo. Ulitokana na mwamba wa volkano uliooza papo hapo kwa maelfu ya miaka, na chembe zake zimeshikana katika mabonge madogo. Kati ya mabonge kuna nafasi kubwa zinazopitisha maji upesi; ndani ya kila bonge kuna vitundu vidogo mno vinavyoyashikilia.

Tabia hiyo ilizua mjadala kuhusu bwawa la Sasumua, Nyandarua. Kwa vipimo vya kawaida, udongo wake ulionekana kuwa na maji mengi mno kufaa kwa ujenzi. Katika andiko lake la 1958, mhandisi Karl Terzaghi alieleza kwamba madini ya haloisiti yaliyomo yameshikana katika mabonge magumu yenye vitundu. Bwawa hilo bado linapelekea Nairobi maji.

Kupima vitundu hivyo kunahitaji subira. Kipande cha udongo hulowekwa hadi kijae maji, huwekwa juu ya kigae chenye vinyweleo, kisha hewa hukisukuma kwa shinikizo linaloongezwa hatua kwa hatua. Nafasi kubwa hutoa maji kwanza. Shinikizo likifika kilopaskali 1,500, maji yanayobaki yamo katika vitundu visivyozidi takriban sehemu moja ya elfu tano ya milimita, na mizizi ya mimea mingi haiwezi tena kuyavuta. Kila hatua hupimwa kwa mizani, na kazi nzima huweza kuchukua wiki kadhaa.

Mkulima hujua hapo shamba litastahimili kiangazi kwa muda gani. Kwa anayeishi kwenye mteremko, jambo ni zito zaidi. Udongo usiojaa maji hujivuta wenyewe kupitia vitundu, na mvuto huo husaidia kushikilia mlima. Mvua ya masika ikinyesha siku nyingi mfululizo, nafasi hujaa, mvuto hupotea na ardhi huweza kuporomoka.

Sampuli ya udongo huu isianikwe juani. Haloisiti ikikauka hubadilika, na hata ikilowekwa tena hairudi ilivyokuwa, hivyo majibu ya maabara yatapotosha. Ifungwe kwa plastiki mara inapochimbwa.

Mkaazi akiona ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama au chemchemi iliyogeuka tope ghafla, aondoe familia kwanza, kisha amjulishe chifu au ofisi ya wadi.