Nyumba ya Kwanza Junda na Mageuzi ya Kanuni za Fedha

Mtu wa mshahara wa kadiri aliyepanga Junda au Mishomoroni, huko Kisauni, Mombasa, naye kwa miaka kadhaa amekuwa akidunduliza akiba kwa nia ya kununua nyumba yake ya kwanza, hana budi kujiuliza kama anunue sasa au angoje, madhali kanuni za fedha nchini Kenya zimekuwa zikigeuzwa kwa kasi ambayo hata madalali wazoefu wa Kisauni hushindwa kuifuata. Septemba 2016 sheria iliziwekea benki mpaka wa riba, isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na wengi wakadhani kwamba mlango umefunguliwa. Walakini benki, zilipokatazwa kumtoza zaidi mtu ziliyemtilia shaka, ziliona heri kumnyima mkopo kabisa, na Novemba 2019 mpaka huo ukaondolewa.

Tangu hapo bei ya fedha imepanda na kushuka. Kiwango cha Benki Kuu kilifika asilimia 13 Februari 2024, kisha kikapunguzwa hatua kwa hatua hadi 9.5 Agosti 2025. Tofauti ya namna hiyo si ndogo, kwani mwenye kukopa shilingi milioni 3 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 hulipa kama 37,300 kila mwezi, ilhali kwa riba ya 9.5 hulipa kama 28,000. Riba isiyofika asilimia 10 ndiyo iliyokusudiwa na KMRC, kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020 ili izikopeshe benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu. Na kwa kuwa chama cha Imarika, chenye makao yake Kilifi, ni miongoni mwa wenye hisa, neema hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu wa Nairobi peke yao.

Lakini riba ni upande mmoja tu wa hesabu. Sheria ya Ajira yataka makato yote ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili za mshahara wake, na ndani ya mpaka huo makato ya lazima yamenenepa: mwenye kupokea 60,000 mwaka 2022 alikatwa 200 za NSSF na 1,300 za NHIF, jumla 1,500, ambapo mwaka 2025 mtu huyo huyo alikatwa 3,600 za NSSF, 1,650 za bima ya afya ya jamii na 900 za tozo ya nyumba, jumla 6,150. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 makato ya bima ya afya na ya tozo ya nyumba nayo huondolewa kabla ya kodi ya mapato kuhesabiwa, na hilo humpunguzia mzigo kidogo. Hata hivyo, aliyengoja riba ishuke ameipata riba nafuu akiwa na nafasi ndogo zaidi ya kukopa. Tozo ya nyumba nayo ilianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikaibatilisha Novemba mwaka huo, na Machi 2024 ikarudi kwa sheria mpya; ni nani awezaye kupanga maisha yake juu ya kalenda kama hiyo?

Fauka ya hayo, kwa Junda liko jambo zito kuliko riba, nalo ni ardhi. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa pwani wajitokeze waandikishwe, na wengi waliokuwa wakilima na kukaa bila karatasi wakajikuta wageni juu ya udongo wa wazee wao. Ndipo Mombasa ikashika sana desturi ya nyumba bila ardhi, ambamo kuta na paa ni milki ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi yake kila mwezi. Nyumba hiyo huuzwa, hurithiwa na hupangishwa, na bei yake huwa nafuu. Mkataba wake ni karatasi moja au mbili zenye sahihi na alama za dole gumba za mashahidi, pamoja na bunda la risiti za kodi ya kiwanja ambazo muuzaji humkabidhi mnunuzi. Karatasi hizo zina heshima mtaani, lakini benki haiwezi kuzishika rehani.

Basi nafuu zote zilizotungwa na Bunge humpita mnunuzi huyo kando. Msamaha wa ushuru wa stempu kwa mnunuzi wa nyumba ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu, na punguzo la kodi juu ya riba ya rehani, ambalo Desemba 2024 liliongezwa kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka, havimfai kitu aliyenunua kuta tu.

Wako pia wanaojihadhari na riba kwa sababu ya dini, nao si wachache Kisauni. Katika murabaha, ambamo benki huinunua nyumba na kumwuzia mteja kwa faida badala ya kumkopesha kwa riba, bei huafikiwa siku ya mkataba na haibadiliki, basi Benki Kuu ikipandisha kiwango mnunuzi yu salama, na ikishusha hapati kitu. Kwa huyo, siku ya kutia sahihi ina uzito kuliko kwa mwingine yeyote.

Rai yangu ni kwamba mwenye kununua nyumba yenye hati anayo haki ya kupima majira ya riba, ila asingoje sana, maana makato ya mshahara hayamngojei. Asiye na hati aanze na mwenye kiwanja, amwombe bei ya ardhi kwa maandishi, na afanye upekuzi katika masjala ya ardhi kabla ya kutoa arubuni. Na serikali, ambayo mwaka 2016 iliwapa hati wakazi wa shamba la Waitiki la ekari 930 huko Likoni, itazame upande huu wa kaskazini pia, kwani riba ikishuka hata mara kumi haitamfaa mkazi wa Junda ambaye kiwanja alichojengea bado si chake.