Chumvi Haileti Maji Shambani

Nimeulizwa tena, safari hii kutoka Muyinga, Burundi: nitie chumvi kiasi gani kwenye shimo ili mche wa maharage uvumilie jua? Usitie hata chembe.

Watetezi wa dawa hii husema chumvi huvuta maji, kwani nani hajaiona ikilowa jikoni wakati wa mvua? Huvuta kweli. Lakini ikiwa shimoni itayavuta wapi, kama si kwenye udongo uleule ambao mche unautegemea? Tena ikishayapata haiyaachii. Mzizi hunyonya maji kwa kuwa ndani yake mmeyeyuka chumvichumvi nyingi kuliko nje. Ukiligeuza hilo, mche hunyauka huku udongo umelowa. Huuzoeshi ukame, unauletea.

Na katika mazao yote, umechagua mojawapo ya yaliyo dhaifu zaidi kwa chumvi. Kwa kipimo cha wataalamu wa udongo, maharage huanza kupoteza mavuno chumvi ikizidi desisimensi 1 kwa mita (dS/m). Kunde husubiri karibu 5, shayiri 8. Kijiko kimoja cha chai katika lita 10 za maji kinatosha kuyafikisha maji hayo kwenye 1. Wewe unatia kiganja kizima!

Najua, umesikia habari za mbegu kulowekwa maji ya chumvi. Hayo ni majaribio ya maabara: chumvi imepimwa, mbegu zinasuuzwa na kukaushwa. Hayahusiani na shimo lako.

Mche una mbinu zake. Hufunga matundu ya majani, huyageuza majani yasikabili jua, hushusha mzizi. Hapo kwenye mzizi ndipo Gitega, katikati ya nchi, inapokwama: vilima vingi vina udongo mchachu, alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, mche ukafa kwa kiu ilhali maji yako chini kidogo tu. Udongo wa chumvi utafute tambarare ya Imbo, si huko vilimani.

Basi: changanya chokaa ya kilimo udongoni wiki kadhaa kabla ya kupanda, ongeza samadi iliyooza. Usikimbilie manyunyu ya kwanza ya Septemba. Ngoja udongo ulowe hadi chini. Tandaza nyasi, palilia mapema. Ulizia ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, mbegu inayokomaa haraka. Nawe wa Muyinga, tenga sehemu ya kunde au mbaazi, zinazovumilia ukame. Umeshatia chumvi? Ni maji safi mengi tu yatakayoishusha chini ya mizizi. Kama huna, subiri mvua iioshe, kisha panda upya.