Karabai za Ziwa Mweru: Itambue Taa Yako Kabla ya Kuitia Mafuta

Kwa miaka mingi mtu aliyesimama usiku wa giza katika ufuko wa Nchelenge au Kashikishi aliona ziwani safu za nuru, mithili ya mji uliojengwa juu ya maji. Zilikuwa karabai za wavuvi wa chisense, yule samaki mdogo wa jamii ya dagaa anayeifuata nuru na kukusanyika chini yake, naye mvuvi akamnasa kwa wavu. Kazi hiyo ilipendelewa zaidi katika siku zisizo na mwezi, kwani mbalamwezi huipunguzia taa nguvu ya kumvuta samaki.

Siku hizi taa za betri zinachukua mahali pa karabai, na zile za zamani zimerudishwa nyumbani. Zimo uvunguni mwa vitanda na katika pembe za ghala. Wako wanaoziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kupimwa uzito tu. Wako pia wanaozitoa umeme unapokatika, wakazipangusa vumbi na kuzijaza mafuta yoyote yaliyo karibu. Kundi hili la pili ndilo linalonitia hofu, kwa sababu karabai si zote za mafuta ya aina moja, na petroli ikitiwa katika taa iliyoundwa kwa mafuta ya taa huweza kuilipua mikononi mwa mwenye nyumba.

Jina lenyewe karabai lilitokana na kabaidi, ile dawa ngumu kama jiwe ambayo ikitiwa maji hutoa gesi inayowaka. Taa za kabaidi zilipotoweka, jina lilihamia kwa taa ya pampu. Katika taa hii upepo husukuma mafuta kwenye mrija uliopashwa moto, yanageuka mvuke, mvuke unachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kifuko cha uzi. Kifuko hicho ndicho siri ya nuru yote. Kilibuniwa mwaka 1885 na Carl Auer von Welsbach wa Austria, naye mwaka 1891 akapata mchanganyiko bora wa asilimia 99 ya thoriamu na asilimia 1 ya seriamu. Thoriamu ina mionzi, ingawa ni hafifu. Kwa hiyo vumbi la kifuko kikuukuu lisipulizwe kwa mdomo, wala mtoto asilichezee.

Jina lililoenea kuliko yote ni Petromax. Taa hii ilitokana na kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin, chini ya Max Graetz, ambaye inasemekana marafiki walimwita Petroleum Maxe kwa jinsi alivyoshughulika na mafuta; jina la utani likawa jina la biashara. Inayojulikana zaidi ni namba 829, yenye kudaiwa nuru ya mishumaa 500, ambayo huwaka kama saa 8 kwa lita moja ya mafuta ya taa. Utaitambua kwa saa ndogo ya kupimia upepo iliyo kwenye kifuniko cha tangi, na kwa kikombe kidogo cha spiriti kilicho ndani, chini ya kioo. Namba na jina hugongwa kwenye tangi. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ilitengenezwa Ujerumani Magharibi, basi haikutangulia mwaka 1949, maana dola hiyo haikuwapo kabla ya hapo.

Lakini umbo la Petromax limeigwa na wengi. Kampuni ya Hipólito ya Torres Vedras, Ureno, ilitengeneza taa za umbo hilo zilizo imara. Uchina imeleta Anchor na Butterfly, ambazo zimewasha vibanda vingi vya sokoni. Mimi sizidharau taa za Uchina, maana zimelisha watu. Ila mnunuzi asitozwe bei ya Berlin kwa bidhaa isiyo ya Berlin. Chukua sumaku: taa za kale za Wajerumani kwa kawaida ni shaba iliyopakwa nikeli, na sumaku haishiki, likishika tangi, ni chuma. Hiyo ni dalili tu, haitoshi kuwa hukumu.

Tilley ni ya Waingereza. Ilitengenezwa Hendon, London, na baada ya Vita Vikuu vya Pili kiwanda kikahamia Ireland ya Kaskazini. Haina kikombe cha spiriti. Huwashwa kwa koleo dogo lenye pamba iliyolowa spiriti, linalobanwa kwenye mrija. Alama yake kubwa ni kwamba mrija huo hupanda wima na kupenya katikati ya kifuko, nacho hufungwa juu na chini. Ukiona hivyo, hapana haja ya kutafuta jina.

Wasomaji wetu wa kambini huenda wakakutana na Vapalux, iliyotengenezwa na Willis & Bates wa mji wa Halifax, Uingereza. Jeshi la Uingereza liliitumia sana. Zile za jeshi hugongwa mwaka pamoja na mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya nchi hiyo.

Sasa tufike kwa ile ya kuogopwa. Coleman ni ya Wichita, Marekani, kampuni iliyoanzishwa na William Coffin Coleman mwaka 1900. Taa zake nyingi ni za petroli safi isiyo na rangi. Pampu yake hutoka ubavuni mwa tangi, na mpini wake una kitundu cha kuzibwa kwa kidole gumba. Ipindue: chini ya tangi mara nyingi utakuta mwezi na mwaka, kama 8 na 62, yaani Agosti 1962. Zipo Coleman chache za mafuta ya taa, nazo hujulikana kwa kikombe cha spiriti. Mtu aliyezoea kuona Coleman ikijazwa petroli, kisha akaifanyia Petromax vivyo hivyo, hutafuta msiba.

Taa isiyotambulika isiwashwe. Iliyotambulika isijazwe inapowaka. Ilegezwe upepo kwanza, ipoe, na mafuta yanunuliwe kwa mtu asiyetumia debe moja kwa petroli na mafuta ya taa. Isiwashwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwa kuwa hewa chafu yake huua aliyelala.

Na kama taa ni nzima lakini haishiki upepo, usikimbilie kuiuza. Mara nyingi ni ile ngozi ya pampu iliyokauka. Itoe, itie matone machache ya mafuta ya cherehani, iache hadi kesho yake, kisha uipanue kwa vidole kabla ya kuirudisha.