Bunduki za Nakshi na Watu Walioibeba

Mpenzi wa vitu vya kale akitiwa mkononi kitara cha fedha, hatafuti kwanza jina la sonara. Hukigeuza, akatazama mkono wa kazi, akakwambia hiki cha Lamu na hiki cha Maskati. Basi wako watu Ulaya na Marekani wenye jicho kama hilo, ila wao mapenzi yao ni bunduki za kuwindia za Kijerumani, zile za zamani zilizotiwa nakshi. Kwao bunduki si chombo cha kuulia tena. Ni kazi ya mkono, huwekwa katika kabati la kioo na kutolewa siku ya wageni.

Na wakusanyaji hao wanapenda kujua nasaba ya bunduki. Ikiwa iliwahi kufika Afrika ya Mashariki na ushahidi upo, thamani yake huzidi. Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi watu wa pwani, kwa kuwa bunduki ya mwindaji Mzungu haikufika Meru wala Embu kwa miguu yake. Ilibebwa.

MKONO WA SUHL

Mji unaotajwa zaidi katika kazi hii ni Suhl, ulioko kwenye vilima vya Thuringia, Ujerumani. Ni mji wa wahunzi wa bunduki tangu karne nyingi. Nyumba ya Sauer ilianza humo mwaka 1751, Haenel ikafuata 1840, na Merkel 1898. Mitutu ilifuliwa na watu wengine, kitako cha mti wa jozi kikachongwa na wengine, kisha mtia nakshi akaketi na patasi zake ndogo na nyundo, akachimba chuma kidogo kidogo.

Nakshi zao ni majani ya mwaloni, paa dume mwenye pembe za matawi, nguruwe mwitu na mbwa wa kuwinda. Ni wanyama wa misitu yao. Bunduki ikapanda meli, ikaja kulenga ndovu na vifaru, na ubavuni mwake bado amesimama yule paa wa Ujerumani.

Bunduki waliyoipenda sana Wajerumani ni ile ya mitutu mitatu: miwili ya marisau juu, na mmoja wa risasi chini. Mwindaji akikutana na kanga au na pofu, chombo ni kile kile.

Anayejua huifungua akatazama chini ya mitutu. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1891 iliamuru kila bunduki ijaribiwe na kupigwa mhuri, na ndiyo sababu utaona taji dogo juu ya herufi. Mwanafunzi akiona neno Krupp hudhani ndiye fundi, kumbe ni jina la aliyetoa chuma. Mitutu mingine ya zamani ina mawimbi kama maji, maana imesokotwa kwa chuma na feleji, nayo huitwa ya Damasko, kwa jina la mji ule wa Sham. Mitutu hiyo ni ya kutazamwa tu. Baruti ya siku hizi yaweza kuipasua usoni mwa mpigaji.

NJIA YA MTO TANA

Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters aliondoka upande wa Witu, akaufuata mto Tana kwenda juu mpaka pande za Mlima Kenya, akaacha damu njiani. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler alitoka pwani ya Lamu pamoja na Ludwig von Höhnel, mwanamaji wa Austria, wakafika milima ya Nyambene huko Meru. Agosti 1893 kifaru alimjeruhi vibaya von Höhnel, ikabidi abebwe kurudishwa pwani. Mwaka huo ulipokaribia kwisha, wapagazi wengi walichoka na safari, wakaiacha. Chanler akarudi bila kufika alikotaka. Mwaka 1894 lilikuja Lamu kundi la Wazungu waliotaka kujenga nchi yao ya usawa karibu na Mlima Kenya. Mpango ulivunjika pale pale Lamu, lakini mmoja wao, Mjerumani Dokta Kolb, aliendelea na uwindaji na safari za bara, hata kifaru akamuua.

Majina ya mabwana hao yamo vitabuni. Lakini nani alilala na bunduki kifuani mvua isiilowe? Nani alishika ya pili, tayari kumpa bwana pale ndovu alipogeuka? Ni watu wa Unguja, wa Mombasa na wa Lamu, waliokuwa wakisali alfajiri kisha wakajitwisha mizigo. Wengi wao hawakurudi, na makaburi yao hayana jiwe.

NA WENYEJI JE?

Mkutano wa Brussels wa 1890 uliwazuilia Waafrika bunduki za kisasa. Kwa hiyo Waingereza walipowapiga Waembu mwaka 1906 na kuweka boma lao, walikabiliwa na mikuki, pinde na mishale. Boma la Meru lilifuata mwaka 1908. Katika miaka ya Hali ya Hatari, kupatikana na bunduki au hata risasi kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Wapiganaji wa msituni, na miongoni mwao Musa Mwariama wa Meru, walikuwa na bunduki zilizoundwa kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira. Hazikuwa na nakshi hata chembe.

Leo mlango wa uwindaji umefungwa. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Sheria ya silaha nayo haitazami uzuri wa nakshi. Anayeikuta bunduki ya marehemu darini asiifiche wala asiiuze gizani. Njia yake ni polisi. Lakini hapo pana jambo la kufikiri. Mwaka 2016 serikali iliteketeza silaha zaidi ya 5,000 huko Ngong, na ni vyema, kwa kuwa silaha haramu zimeua wengi. Hata hivyo, kabla ya moto kuwashwa pangekuwapo jicho la kuchagua chache za kale, zitobolewe zisifae tena kupiga, zikapelekwa makumbusho.

Meru ina makumbusho tangu 1974, katika ofisi ya zamani ya D.C. Humo bunduki ya Suhl ingekaa kando ya bunduki ya bomba la maji, na chini yake pakaandikwa si jina la mwindaji peke yake, bali na la mpagazi, pale linapojulikana. Wazee wa Lamu na Mombasa waliosikia habari za safari hizo kwa babu zao bado wapo. Waulizwe wangali hai.